Tazama jirani kabla ya nyumba, hata kwa samaki



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, safari hii tumeamua kuzungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo: samaki wa kufuga ndani ya nyumba. Tumelazimika kulisema kwa sababu ya yaliyotukuta hapa Bujumbura baada ya Idi, na kwa sababu tunaona familia zinawanunulia watoto zawadi ya aina hii bila kuuliza.

Ndugu yetu mmoja alirudi safari na samaki wawili wa rangi, mmoja wa buluu na mwingine mwekundu, kila mmoja ndani ya kifuko chake cha plastiki. Muuzaji alimwambia wanaitwa beta, basi. Sisi tukawaonea huruma kukaa mmoja mmoja. Tukatafuta bakuli kubwa la kioo, tukawamimina wote. Watoto walishangilia, maana samaki wale walitanua mapezi na matamvua tukadhani wanacheza. Kumbe ni vita. Ilipofika alasiri mapezi ya yule mwekundu yalikuwa yamechanika kama kitambaa kilichonasa kwenye msumari, na asubuhi tulimkuta anaelea. Binti yetu wa miaka 7 aliuliza swali moja tu: "Si nyinyi ndio mliosema wawekwe pamoja?" Hatukuwa na jibu.

Tungeuliza kwanza, tungejua. Beta ni samaki wa Thailand na nchi zilizo karibu nayo. Wenyeji humwita pla kat, yaani samaki anayeng'ata, na mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba binadamu wamekuwa wakimfuga na kumchagulia uzazi kwa miaka isiyopungua 1,000. Kwa muda mrefu waliochaguliwa ni wale wakali, kwa ajili ya mashindano ya kupiganisha. Kwa hiyo ukali wa dume la beta umo katika damu yake. Akiona dume mwenzake, au hata kivuli chake kwenye kioo, hutanua matamvua tayari kwa ugomvi. Porini anayeshindwa hukimbia. Ndani ya bakuli atakimbilia wapi?

Sisi Waislamu jambo hili linatugusa. Tumefundishwa kwamba imekatazwa kuwachochea wanyama wapigane. Tunajua pia kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Na tunajua kwamba mtoto Abu Umayr alikuwa na kidege chake, na Mtume (s.a.w.) alimuuliza habari zake kwa upole. Kwa hiyo kufuga hakukatazwi, na mtoto kupenda kiumbe ni jambo zuri. Lakini ukimfungia kiumbe, umebeba dhamana yake yote: chakula, maji, na jirani unayemwekea. Sisi hatukukusudia kupiganisha samaki, lakini mapezi yalichanika vilevile.

Rai yetu, basi, ni hii: beta akae peke yake, mpaka nyumba yake itosheke na jirani ajulikane. Huruma ya kusema "maskini, yuko mpweke" ni huruma ya kibinadamu tunayomvika samaki. Dume la beta hulinda eneo lake, na kukaa peke yake si adhabu kwake. Kinachomtesa zaidi ni maji machafu, baridi na bakuli dogo. Wapo wanaosema anaweza kuishi kwenye gilasi kwa sababu huvuta hewa juu ya maji, kama kamongo wetu. Ni kweli huvuta hewa, lakini uchafu wake unabaki mle mle na unamuunguza. Mpe tangi la lita 20 kwa uchache, lenye kichujio kisichosukuma maji kwa nguvu, joto la nyuzi 25 hadi 27, mimea ya kujificha na mfuniko, kwani huruka.

Ikiwa bado mnataka kumwekea majirani, tangi liwe la lita 40 au zaidi, na mzingatie haya:

1. Msiweke madume wawili kamwe. Majike nao hupigana. Dume na jike hawakai pamoja moja kwa moja. Wanaowazalisha huwakutanisha kwa muda mfupi tu, wakiwaangalia.

2. Msiweke samaki wenye mikia mirefu ya kung'aa kama gapi, kwani beta huwadhania mahasimu. Wala msiweke jamaa zake kama gurami.

3. Msiweke wanaodokoa mapezi, kama babi wenye milia ya chui. Hapo beta ndiye atakayeonewa, maana mapezi marefu humfanya mzito wa kukimbia.

4. Samaki wa dhahabu hapana. Huyo hupenda maji ya baridi zaidi, hukua sana na huchafua sana.

5. Wanaofaa ni wale watulivu, wadogo, wasio na mapambo mengi, na wanaokaa sehemu nyingine ya maji. Kambare wadogo wa jamii ya koridora hutembea chini kwenye mchanga. Rasbora na tetra wadogo huogelea katikati. Hawa wote ni samaki wa kundi, wawe 6 au zaidi. Konokono wa majini ndiye jirani mwepesi kuliko wote. Kamba wadogo mara nyingi huishia kuwa chakula.

6. Majirani watangulie kuingia, beta awe wa mwisho, asije akalihesabu tangi lote kuwa milki yake. Mwangalieni kwa siku kadhaa, na chombo cha akiba kiwe tayari. Beta hawafanani tabia. Mmoja huvumilia na mwingine havumilii hata konokono. Mkiona kufukuzana, mapezi kuchanika, au samaki kujificha na kukataa kula, watenganisheni siku hiyo hiyo.

Kuna mwenzetu alituuliza kwa nini tusiteke tu samaki wa rangi wa Tanganyika, tunaowaona karibu na ufukwe, tukawaweka na beta. Tulimjibu hapana. Maji ya ziwa letu yana chumvichumvi za madini na pH yake inakaribia 9, na samaki wake wameumbiwa maji hayo. Beta hustawi katika maji laini zaidi, pH karibu na 7. Tena wengi wa samaki hao wa jamii ya sato ni wakali kumshinda yeye. Kuwaweka chombo kimoja ni kumdhulumu mmoja wao.

Na jambo la mwisho ni zito. Samaki akiwashinda kumtunza, msimwage ziwani wala mtoni mkidhani mmemwachia huru. Ndugu zetu wa Ziwa Viktoria wanajua habari ya sangara, aliyeingizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, na jinsi aina nyingi za furu zilivyotoweka baadaye. Mpeni mtu mwingine anayeweza kumtunza.

Yule wa buluu yuko hai. Yumo ndani ya tangi la lita 30, peke yake pamoja na konokono wawili. Binti yetu ndiye anayemlisha, punje chache asubuhi na chache jioni, na kila Alhamisi hutukumbusha kubadilisha robo ya maji, yakiwa yameondolewa klorini. Juzi mgeni alimwambia, "Mtafutie mwenzake." Akajibu, "Mwenzake alikuwepo." Mgeni hakuelewa. Sisi tulielewa, na tulinyamaza.

Wazazi wenzetu, kabla ya kuweka kiumbe mikononi mwa mtoto, tujifunze haki zake kwanza. Mtoto ataiga namna tunavyomtunza kiumbe huyo kuliko maneno yetu yote kuhusu huruma.

Wabillahi tawfiq.