UCHAMBUZI: Mzazi asiyejua kusoma bado ana nafasi katika usomaji wa mwanawe

TANGU mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, kuanzia madarasa ya chekechea hadi gredi ya tatu, wazazi wamekuwa wakihimizwa kuwasaidia watoto wao kusoma wawapo nyumbani. Mtaala huo unamtambua mzazi kuwa mshirika wa mwalimu, wala si mtu wa kununua sare na kulipa ada pekee.

Wito huo ni mwema. Hata hivyo, katika kaunti za Migori na Homa Bay unawakuta wazazi wengi wakiwa na swali ambalo halijajibiwa ipasavyo. Je, mzazi ambaye hakwenda shule, au aliyesoma kidogo kisha akasahau, atamsaidia vipi mtoto aliyeshika kitabu cha Kiingereza?

Wengi wamejijibu wenyewe kwamba hawawezi. Wamewaachia walimu kazi yote, si kwa kukosa mapenzi kwa watoto wao, bali kwa kuamini kwamba kumsaidia mtoto kusoma ni kumfundisha, na kwamba kufundisha ni kazi ya aliyesoma. Imani hiyo ndiyo inayostahili kung'olewa kwanza.

Ukubwa wa tatizo lenyewe unafahamika. Elimu ya msingi bila malipo iliporejeshwa mwaka 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka katika shule za msingi nchini. Madarasa yalijaa kuliko uwezo wa mwalimu kumsikiliza kila mtoto akisoma.

Miaka sita baadaye, mwaka 2009, mpango wa Uwezo ulianza kuwatuma watu wa kujitolea nyumba hadi nyumba kuwapima watoto. Ripoti zake za miaka iliyofuata zilionyesha kwamba takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu ndio walioweza kufanya kazi ya darasa la pili. Kukaa darasani, ilidhihirika, si sawa na kujua kusoma.

Serikali ilijibu kwa mradi wa Tusome, ulioanza katika shule za umma mwaka 2015 kwa ufadhili wa Marekani na Uingereza. Mradi huo ulikusudia kila mtoto apate kitabu chake cha Kiingereza na cha Kiswahili, mwalimu apewe mwongozo wa kila somo, na maafisa wa elimu watembelee madarasa kumshauri mwalimu. Mradi huo umeshamalizika, na shirika la misaada la Marekani, USAID, lenyewe lilifungwa mwaka 2025. Yaliyojengwa kwa fedha za wafadhili sasa yategemea serikali, shule na familia.

Umuhimu wa nyumbani ulijitokeza wazi wakati wa janga la Covid-19. Shule zilifungwa Machi 2020 na wanafunzi wengi hawakurejea hadi Januari 2021. Masomo yalipelekwa redioni, kwenye runinga na intaneti. Kwa familia isiyo na umeme wala simu ya kisasa, mwalimu pekee aliyebaki alikuwa mtu mzima aliyekuwapo nyumbani.

Na mtu mzima huyo ni nani katika kaunti hizi mbili? Mara nyingi ni mama anayeamkia ufuoni Mbita au Muhuru Bay kungoja omena waliovuliwa usiku. Ni baba anayeshinda katika mashamba ya miwa ya Awendo au kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike. Aidha, kwa kuwa Migori na Homa Bay zimekuwa miongoni mwa kaunti zilizoumizwa zaidi na Ukimwi, si nadra kumkuta nyanya akiwalea wajukuu walioachwa yatima. Ushauri wowote usiomfaa nyanya huyo haujafika panapohitajika.

Suala la pili ni lugha. Tume ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika miaka mitatu ya kwanza, na mtaala wa sasa umelishikilia pendekezo hilo. Lakini vitabu vinavyomfikia mtoto kwa wingi ni vya Kiingereza na Kiswahili. Hadithi za watoto kwa Dholuo ni chache, za Kikuria ni chache zaidi, na Kisuba cha visiwa vya Rusinga na Mfangano kimo hatarini kutoweka kwani watoto wengi huko hukua wakizungumza Dholuo.

Matokeo yake ni kwamba mzazi huona lugha yake haina kazi katika usomaji. Hapo amekosea, ingawa kosa si lake. Mtoto anayejua maneno mengi na hadithi nyingi kwa lugha ya mama huingia darasani akiwa na akiba. Anapojifunza kwamba herufi huwakilisha sauti, ujuzi huo huhama naye kutoka lugha moja hadi nyingine. Herufi 'ny', 'ng'', 'th' na 'dh' zinatumika katika maandishi ya Dholuo na ya Kiswahili pia.

Vilevile, mzazi na mwalimu wanapaswa kutofautisha kosa la kusoma na lafudhi. Dholuo haina sauti za 'sh', 'z' na 'v'. Mtoto wa Ndhiwa akisoma 'samba' mahali palipoandikwa 'shamba', huenda amelitambua neno sawasawa na ulimi wake ndio uliobadilisha sauti. Ukitaka kujua, mwulize maana yake. Akijibu kwamba ni mahali pa kulima, amesoma. Kumcheka ni kumfunga mdomo, na mtoto aliyefungwa mdomo hafanyi mazoezi.

Basi mzazi afanye nini? Kazi ya kwanza ni kusikiliza. Mtoto anayeanza kusoma hutumia nguvu nyingi kuunganisha sauti, hata akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake. Dawa ni kurudia. Anaposoma ukurasa uleule mara tatu au nne, macho huzoea maneno na akili hupata nafasi ya kufikiria maana. Kwa hivyo mzazi asimgombeze mtoto kwa kurudia kitabu kimoja. Kurudia huko ndiko mazoezi yenyewe.

Hata asiyejua herufi moja anaweza kusikia kama mtoto anasoma kwa mtiririko au anakwama kila neno. Anaweza kumwambia aweke kidole chini ya neno, akamngoja kidogo anapokwama badala ya kumharakisha, kisha akamtaka asimulie alichosoma kwa lugha ya nyumbani. Ni nani katika hadithi? Amefanya nini? Unadhani nini kitafuata? Maswali hayo hayahitaji cheti.

Anayejua kusoma kidogo anaweza kufanya zaidi kwa kuiga utaratibu wa Uwezo wenyewe. Watoto walipimwa kwa ngazi: kwanza silabi au herufi, halafu maneno, halafu aya fupi, mwisho hadithi. Mzazi akijua mtoto amekwama ngazi gani, ana jambo la kumwambia mwalimu siku ya mkutano wa wazazi, badala ya kuuliza tu alikuwa nambari ngapi.

Kwa watoto wa chekechea, mchezo wa kugawanya maneno kwa makofi unafaa: ka-ba-ti, makofi matatu, mbu-zi, makofi mawili. Mchezo huo huchezeka jikoni au njiani kwenda mtoni, na humzoeza mtoto kusikia vipande vya neno kabla ya kuviona vimeandikwa.

Isitoshe, jamii ya Waluo ina hazina yake. Watoto walikusanyika jioni katika siwindhe, nyumba ya bibi kizee, wakasikiliza sigana, yaani hadithi. Kisa cha Simbi Nyaima, ziwa dogo lililo karibu na Kendu Bay, ambapo inasimuliwa kwamba kijiji kilizama baada ya kumfukuza kikongwe aliyeomba hifadhi, kina kila kitu ambacho kitabu cha gredi ya pili kinatafuta: wahusika, mgogoro na funzo. Nyanya akikisimulia leo na mjukuu akakiandika kwa sentensi tano kesho, nyumba imepata kitabu bila kutumia shilingi.

Lakini haitakuwa haki kumtwika mzazi mzigo wote. Zipo shule ambazo hufungia vitabu kabatini kwa kuhofia vitapotea au kuloa mvua, hasa kwa kuwa anayepoteza hutakiwa kununua kingine. Tangu mwaka 2018 Wizara ya Elimu imekuwa ikipeleka vitabu moja kwa moja shuleni. Ni ajabu kitabu kilichogharimu pesa za umma kubaki kisafi ndani ya kabati huku mtoto akirudi nyumbani mikono mitupu. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Kilichobaki kipya ndicho hasara. Mwalimu mkuu anahitaji kuhakikishiwa kwamba hataadhibiwa kwa vitabu vichache vitakavyopotea.

Serikali za kaunti nazo zina wajibu. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi elimu ya chekechea. Homa Bay na Migori zinaweza kukusanya masimulizi ya wazee kwa Dholuo, Kikuria na Kisuba, kuyachapisha kwa vijitabu vya bei nafuu na kuyasambaza katika shule hizo. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya barabara au jengo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni kuhamisha kazi ya mwalimu hadi kwa mzazi, na malalamiko ya wazazi kuhusu kazi za nyumbani na gharama za vifaa vya mtaala huu yanawapa hoja. Lakini kuna tofauti kati ya kumtuma mzazi mjini akachapishe picha na kumwomba aketi na mwanawe dakika kumi baada ya chakula. La kwanza lahitaji pesa. La pili lahitaji mzazi aambiwe kwamba kusikiliza kwake kunatosha, na mtoto aruhusiwe kutoka shuleni na kitabu.

Haba na haba hujaza kibaba. Dakika kumi kila jioni, kwa taa ya umeme au kwa koroboi, ni zaidi ya saa moja kwa wiki. Katika darasa lililofurika, ni watoto wachache wanaopata muda huo wa kusikilizwa peke yao.