Homa ya Mota

Safari hii twende pamoja katika barabara itokayo Uvira kwenda Bukavu. Hadi Kamanyola lori hupita katika bonde la Ruzizi, penye joto jingi na njia ya tambarare. Kisha huanza mteremko mkali wa Ngomo, na kutoka hapo hata Nyangezi dereva huwa na mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Lori lililojaa saruji na magunia, na mara nyingi watu juu ya mizigo, hupanda kwa gia ya chini, polepole kama mzee mwenye fimbo. Mahali kama hapo ndipo mota hushikwa na homa. Na ndipo ijulikanapo kama dereva husoma saa zilizo mbele yake, au huziona kuwa pambo tu.

Kwanza tuulize: joto hilo latoka wapi? Mota ya mazuti haina buji ya kuwasha moto. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka ipite digrii 500, na mazuti yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel alipoijaribu mota yake mjini Augsburg katika mwaka 1897, robo tu na kidogo ya nguvu ya mafuta iligeuka kuwa kazi. Hata hivyo watu walistaajabu, maana mashine za mvuke za siku zile zilipata kidogo zaidi. Malori ya leo hupata karibu asilimia 40. Yaliyobaki yote ni joto: mengine hutoka pamoja na moshi, mengine huingia katika chuma. Hilo la chuma yapasa liondolewe na maji pamoja na mafuta ya kulainisha, la sivyo pistoni huvimba na kukwama.

Katika malori mengi saa ya maji husimama kati ya digrii 80 na 95 mota ikiwa na afya. Lakini ninyi wanafunzi mtasema: mwalimu alitufundisha kwamba maji huchemka kwa digrii 100! Tena Bukavu, kwenye urefu wa mita 1.500 hivi juu ya bahari, huchemka kwa digrii 95 tu, kwa kuwa huko juu uzito wa hewa umepungua. Basi mbona radiateri haichemki kila siku? Jibu ni kifuniko chake. Ndani yake mna springi inayoyafungia maji kwa nguvu, na maji yaliyobanwa hivyo huweza kufika karibu digrii 115 au 120 bila kuchemka. Kifuniko kilicholegea, au chenye mpira uliopasuka, huiondoa faida hiyo yote. Kitu kidogo cha bei ndogo, nacho huwasimamisha watu mlimani siku nzima.

Na hapo pana hatari kubwa kuliko hasara ya fedha. Kijana msaidizi akikifungua kifuniko wakati wa moto, maji yale hufunguliwa ghafula na kugeuka mvuke papo hapo, yakamrukia usoni na kifuani. Mtu huweza kupofuka kwa ajili ya haraka ya dakika chache. Yafaa kungoja nusu saa na zaidi, mpaka mpira wa juu wa radiateri ushikike kwa mkono. Kisha kitambaa kinene, uso pembeni, na kukizungusha kifuniko kidogo kidogo.

Sasa mafuta. Maji hupata joto upesi na kupoa upesi. Mafuta huenda polepole kama mtu asiyependa kuamka, lakini yakishapanda hayashuki upesi. Dereva aweza kuona maji yametulia kwenye 90, kumbe mafuta yangali yapanda. Katika kazi nzito digrii 100 hata 110 si neno. Yakipita 120 na kuendelea, huwa mepesi kama maji, hayawezi tena kuutenga mhimili na vyuma vinavyouzunguka, na yenyewe huanza kuharibika: kila digrii 10 zikiongezwa, mafuta huzeeka kwa kasi mara mbili hivi. Malori mengi hayana saa ya joto la mafuta, bali ile ya msukumo wake tu. Hiyo nayo yasema mengi: ikiwa baada ya kupanda mlima sindano yalala chini kupita desturi wakati mota yanguruma taratibu, mafuta yamekuwa mepesi mno au yamepungua.

Baridi nayo ni adui, ingawa wachache huamini. Mafuta yasiyofika digrii 80 hayawezi kuutoa unyevu na mazuti yaliyochanganyika nayo, na silinda hulika. Kwa sababu hiyo mota huwekewa termosta, mlango mdogo unaoyazuia maji yasiende kwenye radiateri kabla hayajapata moto. Mafundi wengi wa barabarani huing'oa na kuitupa, wakisema kwamba nchi yetu ni ya joto. Mimi sikubaliani nao. Katika mota nyingi termosta hiyohiyo, ikifunguka, huiziba njia fupi ya maji. Ikiondolewa, njia fupi hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi motani bila kupita penye upepo. Mtu amefanya hivyo ili mota ipoe, kumbe ameizidishia homa.

Sindano ya maji ikianza kupanda pale Ngomo, dereva asingoje ifike kwenye rangi nyekundu. Abadili gia iwe ya chini na kupunguza kukanyaga: mota huzunguka upesi kidogo kwa mzigo mdogo, pompa husukuma maji mengi zaidi, pangaboi huvuta hewa zaidi. Sindano isiposhuka, asimame mahali salama, aweke mawe nyuma ya magurudumu, na kuiacha mota izunguke bila mzigo kwa dakika chache ili maji yaendelee kutembea. Lakini kama maji yamemwagika, au msukumo wa mafuta umeanguka, azime mara moja. Wala asimimine maji baridi ya mtoni katika mota yenye moto. Kichwa cha mota huweza kupasuka.

Kuna tena udanganyifu mmoja unaowapata hata madereva wa miaka mingi. Chombo kinachopima joto hukaa ndani ya maji. Maji yakivuja yote, chombo hubaki hewani, na sindano huweza kushuka! Dereva hufurahi akidhani mota imepona, nayo i karibu kufa. Basi sindano ikishuka ghafula kutoka juu bila sababu, asimame, na asadiki pua yake kuliko saa.

Kabla ya kuondoka Uvira asubuhi, mota ikiwa baridi, mambo haya huchukua robo saa: maji yamejaa, ukanda wa pangaboi haujalegea, radiateri haina matope wala majani. Kijiti cha mafuta kitazamwe vizuri. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia humo, na lori lisiondoke. Na mwenye lori asimnyime dereva dawa ya kuzuia kutu, akisema maji ya mto yatosha. Maji matupu huacha tabaka ya chokaa na kutu katika njia nyembamba, nayo huzuia joto lisitoke. Bei ya dawa hiyo ni ndogo sana karibu na bei ya mota nyingine.