BAO SI UVIVU

Wako watu wanaoamini kwamba kila aliyeketi barazani mbele ya bao ni mtu asiye na kazi. Wakimkuta hapo saa nne ya asubuhi, siku ya kazi, huenda hawakukosea. Lakini wakimkuta saa kumi na moja ya jioni, amekwisha kutimiza saa zake kiwandani, bandarini, ofisini au shambani, na bado wakamwita mvivu, basi wamechanganya mambo mawili yasiyofanana hata kidogo: uvivu na mapumziko. Leo twapenda kuyatenganisha mambo hayo, kwa kuwa kuyachanganya kumeanza kututia hasara.

Shaka hiyo ina asili yake, na si asili ya kubezwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikumung'unya maneno. Lilisema wazi kwamba nguvu za wanaume wengi vijijini, na za wanawake wengi mijini, zilikuwa zikipotea bure katika umbea, ngoma na ulevi. Wapo waliolisoma Azimio upesi upesi wakatoka na fikra kwamba mchezo ni adui wa maendeleo. Sivyo. Azimio hilo hilo lilieleza kwamba mfanyakazi wa mshahara hufanya kazi kiasi cha saa 45 kwa juma, kisha likamtaka mwanamume wa kijijini ajiulize yeye anafanya kazi saa ngapi, hali mkewe anatoka jasho tangu alfajiri. Kosa lililokemewa lilikuwa ni kula muda wa kazi na kumtwika mwingine mzigo. Mtu aliyekwisha kutimiza wajibu wake hakukatazwa kupumzika.

Tena yafaa tukumbuke kwamba saa za mapumziko hazikushuka kutoka mbinguni. Zilipiganiwa. Siku ya Mei Mosi, ambayo wafanyakazi wetu huiadhimisha kwa maandamano, asili yake ni mgomo wa wafanyakazi wa Marekani wa mwaka 1886, ambao katika mji wa Chicago ulimwaga damu. Madai yao yalikuwa kazi ya saa nane kwa siku. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani lilipoanzishwa, mkataba wake wa kwanza kabisa ulihusu saa nane kwa siku na saa 48 kwa juma viwandani. Nasi hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa juma, na saa tisa kwa siku.

Hebu tupige hesabu. Juma moja lina saa 168. Toa saa 45 za kazi. Toa saa 56 za usingizi, yaani nane kila usiku. Zinabaki saa 67. Humo mna safari ya kwenda na kurudi kazini, mna chakula, mna ibada, mna watoto na wagonjwa wa kuangalia. Lakini hata baada ya hayo yote hubaki saa kadhaa ambazo ni mali ya mfanyakazi mwenyewe. Wenzetu walizilipia kwa jasho, na wengine kwa damu. Swali letu la leo ni hili: saa hizo tunazitumiaje?

Sisi twasema kwamba miongoni mwa matumizi yaliyo bora kabisa ya saa hizo ni michezo yetu ya jadi, na katika michezo hiyo twachagua kuzungumzia bao, kwa sababu lipo karibu na kila mtu na gharama yake ni ndogo mno. Fundi seremala huchonga ubao wenye mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane. Kete ni 64, na watu wa pwani huzipata bure, maana komwe za mkomwe huota zenyewe karibu na fukwe. Asiye na ubao huchimba mashimo ardhini. Asiye na komwe huokota vijiwe. Hakuna umeme unaohitajika, wala ada ya uanachama.

Asidhani mtu kwamba urahisi wa vifaa ni urahisi wa mchezo. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji ana safu zake mbili na kete zake 32. Huanza kwa kupanga kete kumi tu: sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayoifuata. Zile 22 zilizosalia hubaki mkononi, naye huziingiza moja moja kwa kila zamu. Hatua hii ndiyo kunamua. Zikimalizika mkononi, huanza hatua ya pili iitwayo mtaji, neno lile lile la mwenye duka, na hapo kila mtu huishi kwa kile alichokiweka akiba. Anayeishiwa kete katika safu yake ya mbele amefungwa. Akifungwa angali na kete mkononi, aibu yake huzungumzwa barazani mpaka kesho yake.

Mchezo huu una mafunzo, na twaomba wasomaji wetu wayatafakari.

La kwanza, bao halina bahati nasibu. Hakuna dadu la kurushwa wala karata ya kufichwa. Kete zote zilizo katika ubao zimewekwa mbele ya macho ya wote, mchezaji na mtazamaji. Anayeshinda ameshinda kwa hesabu, na anayeshindwa hana wa kumlaumu ila akili yake. Mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, alipotaka kuchunguza mipaka ya akili ya binadamu, aliwaendea mabingwa wa bao wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima kuhusu umahiri wao. Ikiwa mtaalamu alisafiri kutoka Ulaya kuja kujifunza mbele ya wazee wetu, ni ajabu vijana wetu washindwe kuvuka barabara.

La pili, katika bao kete iliyoliwa haitupwi nje. Huvuka upande wa pili ikafanya kazi kwa aliyeila. Mali ya ubao haipungui. Hubadili mikono tu, na aliyekuwa tajiri katika zamu hii anaweza kuwa maskini katika zamu ijayo. Kwa hiyo mchezaji mwenye busara hajivuni mapema, na aliyebanwa hakati tamaa mapema.

La tatu, baraza la bao halijui cheo. Aliyefungwa huinuka akampisha mwenzake, awe meneja au mchukuzi. Kijana humfunga mzee bila kumvunjia heshima, na mzee humkosoa kijana bila kumchukia. Watazamaji nao hawanyamazi. Husifu na kudhihaki, na mchezaji hujifunza kuvumilia maneno ya watu huku akiendelea na hesabu yake. Mtu aliyezoea kuvumilia hayo atavumilia hata mikutano yetu mirefu.

Tena mchezo huu hautugawi. Wasukuma wana isolo. Jirani zetu wa Uganda wana omweso, Wanyarwanda wana igisoro, Warundi wana ikibuguzo, Wamasai wana enkeshui, na huko Malawi huitwa bawo. Sheria hutofautiana, mashimo huongezeka au hupungua, lakini mkono unaookota na kupanda kete ni ule ule. Mfanyakazi aliyehamishiwa mkoa asioujua atapata ndugu mahali popote penye mashimo na kete.

Wala historia ya nchi yetu haiko mbali na ubao huo. Inajulikana kwamba Mwalimu Julius Nyerere alipenda kucheza bao. Tarehe 10 Desemba 1962, siku ya pili ya Jamhuri ya Tanganyika, alipolihutubia Bunge na kutangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wasomi wa siku zile walizijua rumba na chachacha kuliko ngoma za wazee wao. Naye Mzee Abeid Amani Karume, jioni ya tarehe 7 Aprili 1972, alikuwa akicheza bao katika makao makuu ya Afro-Shirazi, Kisiwandui, wakati wauaji walipomfyatulia risasi. Twalitaja jambo hilo kwa majonzi, lakini pia kwa sababu linaonyesha jinsi viongozi wale walivyoishi: kazi ya mchana ikiisha, waliketi ubao mmoja na wananchi.

Sasa tutazame hali ilivyo leo. Saa za jioni za mfanyakazi kijana zina mnunuzi mpya. Simu iliyo mfukoni mwake humwita aweke fedha kidogo abashiri matokeo ya mechi inayochezwa katika nchi asiyopata kufika. Huuita mkeka, lakini huo si mkeka wa kulalia. Mshahara wa mwezi mzima waweza kuliwa na mkeka huo kabla ya kodi ya nyumba kulipwa. Hatusemi kwamba kila anayebashiri ni mpotevu. Shughuli hiyo imeruhusiwa na sheria na inasimamiwa. Twasema tu kwamba mchezo ambamo mtu hatumii hesabu yake mwenyewe, hakutani na mwenzake, na mwenye mchezo ndiye hupata faida daima, haustahili kuitwa burudani ya mfanyakazi. Katika bao, unaposhindwa hupoteza mchezo tu, nao waweza kuurudisha kesho. Kwa sababu hiyo hiyo twawakataza vikali wale wachache wanaoweka fedha juu ya ubao. Bao la kamari ni kamari, si bao.

Wenzetu wa mbali wamekwisha kuamka. Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uturuki zina michezo iliyo ndugu ya bao letu, ingawa ubao wao una safu mbili tu. Mwaka 2020 nchi hizo tatu zilishirikiana kuiandikisha michezo yao katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika wa binadamu. Hawakuuonea haya mchezo wa wachungaji na wazee. Waliuona kuwa ni akili ya taifa. Nasi tulio na ubao wa safu nne tuna sababu gani ya kuuficha uvunguni?

Basi yapo mambo tunayoyapendekeza.

Matawi ya vyama vya wafanyakazi yaombe kila mwajiri aweke ubao mmoja au miwili mahali pa kulia chakula, itumike wakati wa mapumziko na baada ya kazi. Katika mashindano ya SHIMIWI, ambayo huwakutanisha watumishi wa wizara na idara za Serikali, bao limekuwa likichezwa pamoja na karata, drafti na kuvuta kamba. Hilo ni jema, lakini mashindano ya msimu hayatoshi kumlea mchezaji. Bingwa hulelewa barazani, kila jioni.

Wazee wanaolijua bao la Kiswahili wasingoje kuombwa. Wawaanzishe vijana kwa bao la kujifunza, ambalo ni jepesi, kisha wawapandishe ngazi. Walimu nao wasione taabu kuchimba mashimo katika uwanja wa shule. Mtoto anayejua kete zake zitaishia shimo gani amekwisha kujumlisha na kutoa bila kuchapwa.

Na sasa twasema neno kwa wanaume. Baraza la bao limekuwa lao kwa muda mrefu mno. Mwanamume anayecheza bao mpaka usiku, hali mkewe aliyetoka kazini kama yeye anachota maji, anapika na kuogesha watoto, huyo hapumziki. Amestarehe juu ya mgongo wa mwenziwe, na lile kemeo la mwaka 1967 bado linamhusu. Asaidie kwanza, kisha waende barazani wote wawili. Hakuna shimo hata moja katika ubao lililoandikwa kwamba ni la wanaume peke yao, na hesabu haikugawiwa kwa jinsia.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini atatunzwaje asiyejua kwao huchezwa nini? Jioni ya leo, ndugu msomaji, ukiisha kutimiza kazi yako na kutimiza ya nyumbani, pita barazani. Keti pembeni, tazama, uliza. Ukiitwa ucheze usikatae kwa kuogopa kufungwa. Kila bingwa unayemwona hapo alifungwa mara nyingi kabla ya kufunga. Kisha lala mapema. Kesho saa ya kazi ikifika, uwe mtu wa kwanza kushika chombo chako, ili asiwepo wa kusema kwamba bao ndilo lililokuchelewesha.