Malengo Manne Si Ngazi

Kila anayetuandikia habari za falsafa ya Kihindu siku hizi anatuchorea ngazi. Chini kabisa anaweka kama, yaani matamanio na raha (si "kama" yetu ya kulinganisha, jamani). Juu yake artha, mali na mamlaka. Kisha dharma, wajibu na mwenendo wa haki. Kileleni ni moksha, kufunguliwa kutoka kwenye mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Panda taratibu, ndugu yangu, utafika. Inapendeza ukutani, lakini ukifungua vitabu vyenyewe ngazi huioni.

Unachokuta ni mabishano. Hebu soma Shanti Parva, kitabu cha 12 cha Mahabharata. Vita vimekwisha, jamaa wameuana. Yudhishthira anawauliza nduguze na baba yao mdogo Vidura: lengo lipi ni bora? Vidura anasema dharma. Arjuna anakataa: dunia hii ni ya kazi, ya kilimo, biashara na mifugo, na pasipo mali hata dharma haisimami. Mapacha Nakula na Sahadeva wanataka mali na dharma ziende pamoja. Bhima anawacheka wote: bila matamanio nani angelima? Hata mtawa anayejinyima chakula kuna kitu anakitamani. Mwisho Yudhishthira anaisifu moksha, na wote wanampongeza.

Haya, mtaniambia, si ndiyo hiyo ngazi? Lakini angalieni anachofanya baada ya hapo. Haendi msituni. Anarudi kwa mzee Bhishma kuuliza maswali mengine, halafu anatawala miaka 36. Hoja ya Bhima haikujibiwa. Iliachwa pale ili msomaji ahangaike nayo.

Na si kitabu hicho tu. Orodha ya zamani ilikuwa ya malengo matatu. Moksha iliongezwa baadaye. Kautilya, katika Arthashastra, anasema wazi kwamba artha ndiyo msingi wa mengine, na hapo hapo anamwonya mfalme asiishi bila raha. Vatsyayana, katika Kamasutra, anaiweka dharma juu ya mali na mali juu ya raha, kisha anavunja mpangilio wake mwenyewe: kwa mfalme mali itangulie, kwa sababu riziki ya watu inaitegemea. Kitabu hicho kina sehemu 7, na ya mambo ya kitandani ni moja tu. Wangapi kati ya wanaokicheka wanalijua hilo?

Kwa nini nakasirika? Kwa sababu ngazi inamwambia mwenye njaa kwamba njaa yake ni jambo la chini. Inamwambia pia kwamba dharma ni tupu na safi, wakati swali ni nani anayeigawa. Manusmriti inagawa wajibu kwa tabaka, na wajibu wa Mshudra inaosema ni kuwatumikia walio juu yake. Machi 1927, katika mji wa Mahad, B. R. Ambedkar aliongoza watu waliozuiwa kwa sababu ya tabaka lao wakanywe maji ya bwawa la umma. Desemba 25 mwaka huo huo, hapo hapo Mahad, nakala ya Manusmriti ilichomwa moto hadharani. Kunywa maji tu! Sasa nenda ukawaambie watu wale kwamba mahitaji ya mwili ni daraja la kwanza, wavumilie, wapande.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wachoraji wa ngazi wengi wameshiba. Mimi sisemi moksha ni upuuzi. Nasema waliotunga vitabu hivi waliheshimu mabishano kuliko sisi tunaovifupisha. Kwa hiyo ukiandika tena kuhusu malengo manne, tafadhali mwache Bhima amalize kusema. Na kabla hujaisifu dharma, uliza ni nani ananyimwa maji.