Ukibadilisha Injini, Anza na Breki

Kama hujawahi kula nyama pale Soko la Burma, siku moja ushuke matatu karibu na City Stadium, kwenye Barabara ya Jogoo, kisha ufuate moshi. Wazee wa Eastlands husema jina hilo lililetwa na askari wetu wa King's African Rifles waliorudi kutoka vita vya Burma mwaka wa 1945. Siku hizi vita vya pale ni vya kugombea mbavu na kachumbari. Mezani utawakuta makarani, makondakta, wanafunzi, na mafundi wa magari kutoka Shauri Moyo wenye mikono ambayo sabuni imeshindwa nayo.

Hapo ndipo kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, mwana wa marehemu rafiki yangu, aliponiomba ushauri. Baba yake aliacha mjane, watoto watatu na Toyota Celica ya mwaka wa 1974. Gari hilo lilikuwa limekaa nyuma ya nyumba chini ya turubai kwa miaka sita. Mama alitaka kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Kijana alitaka kulitia injini nyingine, mwenyewe, pale pale uani.

"Mzee, injini nimekwisha nunua," akaniambia.

Nikamuuliza pesa alizitoa wapi. Akainamia sahani yake. Nadhani umekwisha elewa, msomaji. Ilikuwa karo ya muhula.

Sikumkemea mbele za watu, na sababu ninazo. Celica si gari la kudharauliwa katika nchi hii. Bjorn Waldegård alishinda Safari Rally kwa Celica mwaka wa 1984 na 1986, na katikati yake, mwaka wa 1985, Juha Kankkunen naye akashinda kwa Celica. Mwaka wa 1994 Mkenya mwenzetu, Ian Duncan, akalitwaa kombe hilo nyumbani kwa Celica ya turbo. Watoto wengi wa Eastlands walikua wakichora gari hilo kwenye madaftari ya hesabu. Tena, sheria yetu hairuhusu mtu kuagiza kutoka nje gari kuukuu lililozidi miaka minane, kwa hiyo Celica za zamani zilizobaki humu ndizo hizo hizo. Anayeyeyusha moja amepunguza hesabu.

Lakini mapenzi bila kipimo huvunja mfupa. Tulipomaliza kula tulivuka mpaka Shauri Moyo, kwa fundi mmoja mzee ambaye hana bango wala kadi. Akamsikiliza kijana, kisha akauliza swali moja tu: "Injini yenyewe ilitoka kwenye gari gani?"

Ilikuwa 3S-FE ya lita mbili iliyotolewa kwenye Corona Premio. Fundi akatikisa kichwa.

Na wewe mwenye ndoto kama hiyo, lishike somo hili la kwanza. Katika Celica ya kale injini hulala kwa urefu wa gari, ikitazama mbele, na nguvu zake hupitia giaboksi, kisha propela, mpaka kwenye difu na magurudumu ya nyuma. Katika Premio injini hulala kwa upana, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Sampu yake ya oili, mauntingi zake, mabomba yake ya hewa na giaboksi yake vyote vimetengenezwa kwa mlalo huo. Ukiitia kwenye Celica jinsi ilivyo, utakuta sampu inagonga chuma cha chini na giaboksi haina pa kuunganisha propela. Injini ni nzima, tena nzuri, lakini umemnunulia bwana harusi kiatu cha mguu mwingine.

Ajabu ni kwamba Toyota walitumia 3S-FE hiyo hiyo kwenye TownAce Noah za miaka ya 1990, na humo ililala kwa urefu na kusukuma magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo jina la injini pekee halitoshi. Uliza ilitoka kwenye gari gani, na kabla ya kutoa senti chukua futi ya kupimia, upime nafasi chini ya boneti: urefu, upana na kina. Pima pia mahali pa feni na rejeta, kwa sababu injini kubwa hutoa joto zaidi na rejeta ya zamani huenda isiliweze.

Muuzaji alikataa kurudisha pesa, lakini akakubali kubadilishana na injini iliyotoka kwenye Noah, kijana akiongeza kitu kidogo. Kitu hicho kidogo kilikuwa nauli yake na chakula cha mwezi mzima. Noah nyingi za aina hiyo ni za gia otomatiki, kwa hiyo giaboksi ya gia za mkono inayokubaliana na injini hiyo nayo ikawa safari nyingine ya kutafuta. Propela ikabidi ikatwe na kuunganishwa upya katika karakana yenye mashine ya kukereza na ya kusawazisha. Propela isiyosawazishwa hutetemesha gari zima, na ikikatika mwendoni inaweza kutoboa sakafu.

Somo la pili ni petroli. Injini ya kale hunywa kwa kabureta, na pampu yake husukuma polepole. Injini ya sindano za petroli huhitaji pampu ya umeme yenye msukumo wa mara kumi hivi, bomba la kurudisha petroli kwenye tangi, na kompyuta yake pamoja na waya zake zote. Mtu akikuuzia injini iliyokatwa waya kwa msumeno, amekuuzia fumbo. Mabomba ya mpira ya mwaka wa 1974 hayawezi kustahimili msukumo huo. Yatapasuka juu ya injini iliyo moto. Badilisha yote kabla hujawasha, na uwe na kizimamoto mkononi, si cha kuazima kwa jirani.

Somo la tatu ndilo lililonifanya nikushikie kalamu leo. Fundi mzee hakuigusa ile injini mpya. Alifungua gurudumu la nyuma la Celica, akavua ngoma ya breki, akatuonyesha. Mipira ya ndani ilikuwa imekauka kama ganda la chungwa, na mafuta ya breki yamegeuka matope. "Injini," alisema, "hata ikikataa, utabaki nyumbani. Breki ikikataa, utakwenda."

Kijana alikuwa na bajeti ya injini, ya rimu pana na ya redio. Ya breki hakuwa nayo. Na hakuwa peke yake. Nimeona vijana wengi wakihesabu nguvu za farasi bila kuhesabu atakayewasimamisha farasi hao. Ushauri wangu ni huu: kabla ya kugusa injini, badilisha mipira, mabomba na mafuta ya breki, kagua diski za mbele, ngoma za nyuma, usukani, shoki na matairi. Na ukikwisha kuitia injini mpya, usisahau bomba la hewa linalotoka kwenye injini kwenda kwenye kisaidizi cha breki. Likiachwa, pedali huwa ngumu kama jiwe, na mguu wa mtu hautoshi.

Kazi ya uani nayo ina sheria zake. Injini ya namna hiyo ina uzito wa kumshinda mtu na ndugu yake. Usiitundike kwenye tawi la mti wala kwenye boriti ya paa. Kodi winchi ya mafundi. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Weka vigingi vya chuma. Anza kwa kutoa betri. Andika kila waya kwa kipande cha karatasi ya gundi. Watoto wakae ndani. Na ile oili chafu usiimwage mtaroni, kwani mitaro yetu huishia Mto Nairobi, na chini kule kuna wanaonywesheleza mboga tunazokula.

Mwisho, karatasi. Nambari ya injini imeandikwa kwenye logibuku. Ukibadilisha injini, ni lazima uwaarifu NTSA, gari likaguliwe, na nambari mpya iandikwe. Dai risiti na nakala ya karatasi za forodha kutoka kwa muuzaji. Bila hizo, siku utakayosimamishwa utaulizwa maswali ya mwizi, na kampuni ya bima nayo ikisikia kwamba gari lililogongana si lile waliloliandika, itafunga mkoba.

Sasa utauliza: na karo? Kijana alikwenda kwa mama yake akasema kweli. Mama alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema hataliuza gari, lakini kijana atafanya kazi kwa yule fundi kila Jumamosi mpaka karo irudi, na injini isiwashwe kabla ya breki kupita mbele ya macho yake. Kijana alipoteza muhula mmoja. Alipata fundi wa kumfundisha, na ninadhani hilo chuo hakikuwa kimempa.

Kazi ilichukua miezi kumi na mmoja. Gari lilipokwisha kukaguliwa, mama ndiye aliyepanda kwanza, kwenye kiti cha kando alichokalia siku zote za mume wake. Walikwenda mwendo wa ng'ombe mpaka mahali pasipo na watu. Akamwambia mwanawe, "Simamisha." Gari likasimama papo hapo, bila kuyumba. Akamwambia aondoke tena, kisha asimamishe tena. Mara tatu.

Halafu akasema, "Haya, twende nyumbani."

Hakuuliza linakimbia namna gani, msomaji wangu. Nawe ukiwa na mwana mwenye spana mkononi, muulize kwanza litasimamaje. Tukutane Jumapili ijayo.