Matatu Huanza kwa Penseli

Leo nataka tuzungumze juu ya yule mtoto wenu ambaye kurasa za nyuma za daftari lake la Hisabati zimejaa michoro ya matatu. Katika nyumba nyingi za Gatina, na kote Kawangware, yupo mtoto wa namna hiyo. Baba humkemea, mama humwambia aache upuzi ashike kitabu. Kabla hujalirarua daftari hilo, hebu nisikilize kidogo.

Zile matatu za nambari 46 mnazopanda kwenda mjini hazikuzaliwa na rangi hizo. Nyingi za zile kubwa, zinazobeba abiria 33, hujengewa bodi humu nchini, juu ya chasisi iliyotoka kiwandani. Bodi ikishasimama, mwenye gari huamua anataka lifanane na nini: mwanamuziki ubavuni, mchezaji wa kandanda nyuma, maandishi juu ya kioo. Hafanyi hivyo kwa kupenda anasa. Anajua kwamba kijana wa chuo ataziacha matatu mbili zipite akisubiri ile inayong'aa.

Basi watu wengi hudhani kwamba mchoraji hufika gereji, akashika bomba la rangi na kuanza. La hasha! Anayejua kazi yake huanza kwenye karatasi. Kosa la penseli hufutwa kwa kifutio, lakini kosa la rangi juu ya bati lazima lilipiwe na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni fundi mwenyewe.

Hata huko ng'ambo mambo ni hayo hayo. Harley Earl, Mmarekani, alianza kwa kuwatengenezea wachezaji sinema wa Los Angeles magari ya kipekee, kila mtu na lake. Kampuni ya General Motors ikamwita, na mwaka wa 1927 akawekwa kusimamia idara mpya ya sanaa na rangi. Aliyeanza na gari moja la mteja mmoja akaishia kuamua sura ya mamilioni ya magari.

Sasa wewe mwanafunzi, keti hapa tuanze. Huhitaji vifaa vya bei. Tafuta penseli, rula, karatasi kubwa, na rangi za penseli.

Kwanza pima. Nenda kwenye kituo, omba ruhusa kwa dereva, na uhesabu ni magurudumu mangapi yangeweza kupangwa kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Hesabu hiyo ndiyo siri ya umbo zima. Ukiikosea, basi lako litafanana na kiatu. Kisha chagua kipimo. Ukichora kwa kipimo cha 1 kwa 20, gari la mita 8 litakuwa sentimita 40 kwenye karatasi.

Pili, chora visanduku kabla ya gari. Matatu ni sanduku refu lenye pembe zilizolainishwa. Ukilitazama kutoka pembeni, mistari ya paa, ya madirisha na ya chini yote huelekea kukutana mbali, kwenye upeo wa macho yako. Nalo gurudumu likionekana kutoka pembeni si duara tena. Ni duara lililobanwa. Chora mistari hafifu, usiikandamize penseli. Fanya michoro midogo kumi, uchague mmoja.

Tatu, lipe gari uhai kwa mwangaza na kivuli. Amua jua liko wapi na usilihamishe. Sehemu inayotazama juu huwa nyeupe kidogo kwa sababu ya anga, ubavu hubaki na rangi yake, na sehemu ya chini huwa na giza. Vioo usivipake buluu kama mtoto wa nasari. Mchana, vioo vya gari huonekana vyeusi, na juu yake hung'aa kipande cha anga. Mwisho weka kivuli chini ya magurudumu, kwani bila kivuli hicho gari litaelea hewani.

Nne, gawanya mchoro wako kwa miraba ya sentimita moja. Kwa kipimo chetu cha 1 kwa 20, kila mraba mdogo utakuwa sentimita 20 kwenye ubavu wa gari. Hivyo ndivyo sura ya mtu inavyohama kutoka karatasini hadi kwenye bati bila pua kwenda kombo.

Lakini kuna jambo ambalo wachoraji wengi wametozwa ada kubwa kulijua, nalo ni sheria. Mwaka wa 2003 Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, alitangaza kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004: vidhibiti mwendo, mikanda ya usalama, na mstari wa manjano ubavuni. Michoro ikafutwa, na mafundi wa rangi wakakosa kazi. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 2014, Rais Uhuru Kenyatta aliitetea sanaa hiyo kama kazi ya vijana, na rangi zikarejea barabarani. Mwaka wa 2018 msako ukaanza tena.

Funzo ni nini? Anayechora kwa kubahatisha huwa wa kwanza kuumia upepo ukigeuka. Kwa hiyo, kabla ya sura ya mwanamuziki, weka kwenye karatasi yale yasiyoguswa: mstari wa manjano, nambari za usajili, taa, na mlango wa dharura. Mchoro unaoficha mlango wa dharura ni mbaya hata ukipendeza namna gani, maana ndani ya gari hilo huenda akawamo mama yako.

Mchoro uliokamilika ni mkataba pia. Mwenye gari ana picha yake kichwani, na fundi ana yake. Zisipokutana kwenye karatasi, zitagombana kwenye gereji rangi ikiwa imeshakauka. Mwonyeshe, mbadilishe pamoja, atie sahihi, atoe malipo ya kwanza, ndipo ufungue kopo la rangi. Vijana wengi wenye mikono ya dhahabu hufanya kazi moja mara mbili kwa malipo ya mara moja kwa kukosa karatasi hiyo moja tu.

Nanyi wazazi, mmeona wenyewe. Kipimo, uwiano, miraba: yote hayo ni Hisabati. Pengine mtoto hakukosea kuchora kwenye daftari lile. Msimwambie achague kati ya kitabu na penseli, kwani mchoraji asiyejua hesabu atabaki kupaka rangi alizochaguliwa na wengine. Mnunulieni daftari la pili, mumdai hesabu kwenye lile la kwanza. Akifaulu, Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha usanifu, na kijana aliyefika huko na michoro yake mkononi hawi mgeni.

Samaki mkunje angali mbichi. Lakini mkunje kuelekea anakoogelea.