Kayaki ya watu wawili: Mzazi, kagua sakafu kabla ya kuangalia bei

Likizo ikikaribia, matangazo ya kayaki za kujaza upepo huanza kujitokeza kwenye simu za wazazi. Picha huwa ni ileile: mtoto mbele, mzazi nyuma, maji yametulia kama kioo, na maandishi makubwa yanayosema ‘watu wawili, kilo 180’. Bei nayo haitishi sana. Mzazi aliyewahi kufika Sagana na kuona watu wakishuka Mto Tana huku wakipiga kelele za furaha hujiuliza: mbona asinunue yake, akaenda na mwanawe?

Anaweza. Shida ni kwamba kayaki ya kwenye picha hiyo, mara nyingi, imetengenezewa ziwa au mto uliotulia. Ya watu wawili inayofaa maji ya kasi ni chombo kingine kabisa, na tofauti yenyewe haionekani upesi kwa sababu iko chini ya miguu.

Kwenye maporomoko, pale mto unapokimbia juu ya mawe, wimbi moja likipiga upande huingia ndani. Kayaki ya kawaida ya upepo ni kama karai: kinachoingia hubaki. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita 100, ambazo si nyingi kwa chombo cha mita tatu, ni sawa na kumwongeza mtu mzima mwingine anayeteleza huku na huku kila kayaki inapoinama. Hapo makasia hayasaidii tena. Mto ndio unaoendesha.

Kayaki ya maji ya kasi ina sakafu nene inayojazwa upepo na kukaa juu kidogo ya usawa wa maji, na kandokando yake kuna matundu. Maji yakiingia, yanatoka yenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: maji yakiingia yanatokea wapi? Akijibu kwamba utayakausha kwa sponji, au utafungua kizibo ukifika ukingoni, hiyo ni ya ziwani. Matundu yana kero yake, maana hata siku ya maji tulivu makalio hulowa, na ukipakia kupita kiasi maji hupanda kupitia humohumo. Ni kero inayovumilika.

Ile namba ya kilo nayo isomwe kwa makini. Huonyesha uzito ambao chombo kinaweza kubeba bila kuzama, haisemi kama bado kitageuka haraka mbele ya jiwe. Chukua mfano wa baba wa kilo 85 na binti yake wa miaka 13 mwenye kilo 45. Ongeza jaketi, helmeti, maji ya kunywa na mfuko wa vitu, tayari ni karibu kilo 140. Kwenye kayaki ya kilo 180 nafasi iliyobaki ni finyu kwa maji ya kasi. Zilizotengenezwa kwa kazi hiyo huwa ndefu zaidi, aghalabu mita 3.7 hadi 4.2, na pia ni pana. Gumotex ya Czech hata ina moja ya watu wawili inayoitwa Baraka, jina ambalo halihitaji kutafsiriwa huku kwetu.

Upande wa upepo, angalau kuwe na vyumba vitatu vinavyojitegemea: pembeni viwili na sakafu. Kimoja kikichanika, viwili vinawafikisha ukingoni. Pampu iwe na kipimo cha presha, maana kayaki laini hujikunja katikati ya wimbi. Jua pia lina hila zake. Chombo kilichojazwa barabara kikiachwa juani saa sita mchana, hewa hutanuka na kinaweza kupasuka kwenye viungio. Kikigusa maji baridi, hewa hunywea na kinalegea. Kazi ya kuongeza upepo hufanywa baada ya kukiweka majini dakika chache.

Wazungumzaji wa Kiingereza wana jina la utani la kayaki ya watu wawili: boti ya talaka. Makasia hugongana, mmoja anasema kulia, mwingine anasema kushoto, na jiwe linasogea. Kawaida aliye mzito na mzoefu hukaa nyuma kwa sababu nyuma ndiko usukani uliko, na wa mbele ndiye anayeweka mwendo wa makasia. Mzazi akiwa na mtoto maana yake ni kwamba mzazi ndiye nahodha, na mtoto asipoweza kupiga kasia kwa nguvu, nahodha huyo anaendesha peke yake chombo kikubwa kuliko uwezo wake. Baba na mama wangefanya vyema kujaribu wao wawili kwanza, wakiwa na mwalimu. Kwa mtoto mdogo, jibu la kweli ni kuacha kununua mwaka huu na kulipia mashua kubwa ya mpira yenye mwongozaji.

Kuanguka majini si jambo la kubahatisha, kutatokea. Kabla ya mto, kayaki ipinduliwe makusudi kwenye maji tulivu ili ionekane kama wote wawili wanaweza kupanda tena. Mikanda ya mapaja, inayosaidia kushikilia kiti, lazima imwachie mtu mara moja anapoanguka. Mtoto asifungwe kwenye chombo kamwe. Mtu akichukuliwa na mkondo, alale chali, miguu mbele na juu. Asijaribu kusimama maji yanapozidi magoti, kwa sababu mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo humsukuma uso chini. Waogeleaji hodari wamekufa hivyo kwenye maji yasiyofika kifuani.

Ndiyo maana pesa za kwanza ziende kwenye jaketi za kuokoa maisha na helmeti, kayaki ifuate. Jaketi la mtoto huchaguliwa kwa uzito wake. Livutwe juu mabegani, na likifika masikioni ni kubwa mno. Vile vipira vya kuvaa mikononi ni vya kuchezea tu, na helmeti ya baiskeli haikutengenezwa kwa mawe ya mtoni.

Mito hupangwa kwa madaraja, 1 hadi 6. Familia inayoanza ibaki kwenye 1 na 2. Daraja la 3 linahitaji mwongozaji kando. Lakini daraja hubadilika na maji. Tana hupokea maji ya Mlima Kenya na Aberdare, hivyo mvua ikinyesha huko juu mto huvimba wakati Sagana kuna jua. Huko Jinja, Uganda, mabadiliko ni makubwa zaidi: maporomoko ya Bujagali yaliyo kwenye video nyingi za zamani yalifunikwa na bwawa lililokamilika mwaka 2012, na bwawa la Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, likafunika mengine. Anayejua mto ni aliyekuwa ndani yake wiki hii.

Kisha kuna kichocho. Konokono wanaobeba vimelea vyake hawapendi maji ya kasi. Hukaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, ambako ndiko watu husimama wakijaza upepo na wakishuka. Mwea, jirani ya Sagana, imekuwa na ugonjwa huu kwa miaka mingi, na kingo za Nile pia. Vimelea hupenya ngozi bila jeraha, na wengine huwashwa tu siku chache, kisha wakasahau. Kipimo cha mapema mno kinaweza kukosa kuonyesha kitu, na dawa ya praziquantel haiwaui vizuri minyoo wachanga. Muda unaofaa kwenda kliniki ni wiki 6 hadi 8 baada ya safari, mzazi na mtoto pamoja. Tarehe hiyo iwekwe kwenye kalenda ya simu jioni ileile, kayaki ikiwa bado imeanikwa kivulini ikauke kabla ya kukunjwa.